Cheki Parseli Yako: Wageni wa Porini Ndani ya Butembo na Beni

Mazee, kama unaishi Butembo ama Beni na uko na simu yenye kamera inashika, uko na mbuga yako tayari. Haina geti, haina tiketi, na hakuna msee wa kukusimamisha njiani akuulize unaenda wapi. Iko nyuma ya jiko la mathe, pale kamba ya nguo inaishia na migomba inaanza.

Najua wengi hapa kartie wakiskia stori ya wanyama, akili inaruka moja kwa moja hadi Virunga. Ni haki yao. Virunga ni yetu, na ndiyo mbuga kongwe kuliko zote Afrika, ilianzishwa 1925. Lakini tubonge ukweli. Ukiwa Beni, msitu wa mbuga uko hapo tu upande wa Mayangose, na hakuna mzazi atakubali mtoto wake aingie huko na kamera. Waasi wa ADF wameua watu mashambani, wameteka watu waliokwenda kuvuna kakao yao. Tangu Mei 2021 mkoa wetu wa Kivu Kaskazini uko chini ya magavana wa kijeshi. Kusini nako, waasi wa M23 walishika Goma Januari 2025, kwa hiyo ile safari ya Rumangabo kwenda kucheki gorila imekuwa ndoto kwa kijana wa Butembo. Tumezaliwa ubavuni mwa mbuga ya kwanza ya Afrika, na wengi wetu ndovu tumemwona kwa ekrani peke yake. Hiyo kitu inaniuma sana, na ndiyo ilinifanya nianze kuangalia kile kinachokuja chenyewe hadi mlangoni.

Na vinakuja, msee. Kila siku vinakuja.

Chukua Butembo. Mji uko juu, karibu mita 1,800, baridi ya asubuhi inakata na ukungu unalala mabondeni hadi jua lipate nguvu. Mangware, kabla motari hawajaanza kupiga honi, sauti ya kwanza kwa parseli ni ya shore, kale kandege ka kahawia kenye kichwa cheusi. Halafu anatokea tiktiki, mweusi na mweupe, anatembea pale mathe amemwaga maji ya vyombo, mkia juu, mkia chini, hatulii. Huyo tiktiki ndiye mwalimu mzuri wa kuanza naye, sababu haogopi watu. Ukikaa chini kwa kigoda bila kuchezacheza, anaweza kukupitia miguuni akisaka wadudu, na kasimu kako ka bei ndogo kanatosha kabisa kumshika vizuri.

Lakini staa wa parseli ni chozi. Sogea kwa mgomba wenye mkungu mchanga, angalia lile ua la zambarau linaloning'inia. Ganda moja linajikunja juu, na chini yake kuna safu ya tuua twa rangi ya maziwa, ncha zimelowa utamu. Hapo ndipo anatua. Anashika ganda kwa kucha, anajigeuza kichwa chini, mdomo wake uliopinda unaingia ua la kwanza, la pili, la tatu, anafuata safu bila kuruka hata moja. Yule dume wa rangi ya shaba, mwenye manyoya mawili marefu ya mkia, ukimwona kivulini utaapa ni mweusi. Ngoja. Akigeuka jua likampiga begani, anawaka kijani, halafu shaba, na ukihama hatua moja tu rangi zote zinazima. Ni kwa sababu rangi ile haiko kama wino ndani ya unyoya. Ni jinsi unyoya wenyewe umejengwa, unavunja mwanga na kuurudisha. Kwa hivyo mpiga foto wa chozi hakimbizani na ndege. Anasaka kwanza jua liko wapi, analiweka mgongoni, anachagua ua lenye ganda lililofunguka leo, anakaa. Chozi atakuja. Lazima akule.

Mnana naye ni sinema nzima. Dume anaanza na pete moja ya jani lililochanwa, anaipitisha, anaivuta kwa mdomo, anafunga fundo la kweli kabisa, hadi inakuwa nyumba yenye mlango chini. Akimaliza ananing'inia hapo mlangoni akipiga mabawa na kelele, anaita madem waje kukagua. Jike anaingia, anavutavuta nyasi, anatoka. Wakikataa wote na kiota kikaanza kukauka, dume anakibomoa mwenyewe na kuanza kingine palepale. Ukiwa na mti wa minana karibu na dirisha, usipoteze mega zako kuangalia video za watu wengine. Weka simu, rekodi, uone kazi.

Sasa mambo ya simu, chap chap. Tecno, Itel, Infinix, yoyote ile ni fiti. Futa lenzi na shati kabla ya kitu kingine, sababu mafuta ya vidole ndiyo yanaleta ule ukungu kwa picha. Usivute picha kwa vidole; piga ikiwa pana, utaikata baadaye. Egemeza mkono kwa fremu ya mlango. Gusa ekrani pale penye jicho la mnyama, kisha shikilia kidole simu ipige mfululizo, uchague moja. Ukipata jumeli ya mtumba, weka lenzi ya simu kwenye tundu moja la jumeli, na ghafla yule mwewe aliyekaa juu ya mkaratusi wa jirani anakuwa mkubwa, hadi ndoano ya mdomo unaiona. Inataka mkono mtulivu, mos mos, lakini ikishika inashika kweli.

Na kabla ya hayo yote kuna adabu ya mtaa. Butembo na Beni ni miji imeona mengi, na msee anayezungusha kamera juu ya ukuta anaweza kuletewa ngori. Salimu jirani kwanza, mwambie unapiga ndege, muonyeshe. Ukikaa kwa sehemu mpya, pita kwa chifu wa nyumba kumi akujue. Kamera isielekee barabarani kwenye kizuizi, isielekee askari wala kambi, hata kama ndege mzuri kuliko wote ametua juu ya ile bendera. Muache. Atatua kwingine.

Wengine kwenye orodha ya wageni wana sifa mbaya, na hapo ndipo foto inafanya kazi ambayo maneno hayawezi. Kinyonga, kwa mfano. Kwa milima ya huku, kuanzia Rwenzori kushuka hadi Burundi, kuna kinyonga mkubwa ambaye dume ana pembe tatu kichwani, mbili juu ya macho na moja puani. Anaingia hadi kwa nyua za nyumba, na watu wanamgwaya vibaya, wanasema anabeba mikosi, wanamchoma, wanampiga mawe. Nilikuwa nampiga foto mmoja kwa mti wa parachichi, mathe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwana yangu, usiguse ile kitu!"

"Siigusi, mama. Ninapiga foto tu."

"Na ile foto utaipeleka wapi?"

"Kuya uone kwanza."

Akakuja nusu nusu, akabaki mbali, nikampelekea simu. Akaona jicho. Jicho la kinyonga kwa karibu ni mnara wa ngozi wenye vitone vya kijani na machungwa, katikati katundu kadogo keusi, na kila jicho linazunguka peke yake: moja linacheki nzi, lingine linamcheki mathe. Akakaa na simu muda. Akauliza, "Na ile pembe inamusaidia nini?" Nikamwambia madume wanasukumana nazo wakigombania tawi. Akarudi jikoni. Yule kinyonga alibaki kwa mti wake, na kesho yake watoto wa jirani walipokuja na mawe, aliyewafukuza ni mathe.

Babewana, yule bundi mwenye sura nyeupe ya moyo, hali yake ni ngumu zaidi. Akilala darini kwa depo, watu wanasema kuna mtu atakufa, wanaenda kumtafuta na fimbo. Msee, depo ya Butembo imejaa mahindi na maharagi, na panya wanakula mali ya mfanyabiashara usiku kucha. Babewana anaishi kwa panya. Anawameza wazima, halafu anatapika kidonge cha manyoya na mifupa, na kidonge hicho ukikiona chini ya boriti unaweza kuhesabu mafuvu madogo ndani yake bila hata kukishika. Piga foto ya kidonge. Muonyeshe mwenye depo. Na usimpige babewana na flashi usoni, macho yake yameumbwa kwa giza; foto ya jioni, wakati anatoka na mwanga bado upo kidogo, ndiyo ya heshima.

Ukishuka Beni, umbali wa kilomita 54 tu, wageni wanabadilika. Beni iko chini, joto limepanda, michikichi na kakao zimeingia hadi ndani ya mji, na msitu uko karibu. Kindi wanakimbia kwa matawi ya maembe. Hondohondo wanapita juu wawili wawili, na mabawa yao yanavuma hadi unawasikia kabla hujawaona. Usiku kanu anatembea juu ya ukuta kusaka panya na, tuseme ukweli, kuku pia. Kanu huwezi kumngoja na simu mkononi. Hapo unachukua simu kuukuu yenye ekrani iliyopasuka, unaweka programu ya ulinzi inayorekodi kitu kikitikisika, unaifunga kwa nguzo karibu na banda ukiwa umeacha taa ndogo ya sola ikiwaka, unaenda kulala.

Na hapa nataka watoto wa Beni wasimame wima, sababu hii mbinu ya kamera inayongoja peke yake ina stori kubwa kwao. Mwaka 1900 Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa mtawala Uganda, alivuka kuja upande huu akimsaka mnyama ambaye Wambuti, watu wa msituni, walikuwa wanamjua tangu zamani na wazungu hawajawahi kumwona. Alifika kwenye ngome ya Fort Mbeni, bonde la Semliki. Alichopata ni vipande vya ngozi yenye mistari. Mwaka uliofuata afisa Mswidi wa ngome hiyo, Karl Eriksson, alimtumia ngozi nzima na mafuvu mawili, na wanasayansi wa London wakampa mnyama jina: Okapia johnstoni, yaani okapi. Mwaka huohuo, 1901, yule kinyonga wetu wa pembe tatu naye akaandikwa johnstoni. Wambuti waliomfundisha Johnston kila kitu hawakuandikwa popote kwa majina hayo, na hilo halijanitoka rohoni.

Sasa ruka hadi 2008. Vita vimepita juu ya vita, wengi wakidhani okapi ameisha Virunga. Shirika la wanyama la London, ZSL, pamoja na ICCN, wale walinzi wa mbuga zetu, walikuwa wamefunga kamera kwa miti ya msitu wa Watalinga, hukohuko teritwari ya Beni. Kamera ina kijicho kinachohisi joto la mwili likipita, kinabonyeza chenyewe. Septemba 2008 picha zikatangazwa: okapi anatembea usiku, mistari ya matako inang'aa, na zikatajwa kuwa foto za kwanza kabisa za okapi akiwa huru porini. Zaidi ya miaka mia tangu wazungu wapewe ngozi yake Beni, foto yake ya kwanza porini inatoka tena Beni. Kwa hiyo mtoto wa Mulekera, hapo Beni, akifunga simu kwa nguzo ya banda, si mchezo wa kuiga mtu wa mbali. Ni kazi ya kwao.

Kuna kitu kingine lazima tukiseme bila kuzunguka. Sisi tunaogopa wanyama, na tuko na sababu. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola ilipita Mangina, Beni, Butembo, Katwa na kwingineko: kwa jumla watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafariki. Kila familia ina jina. Februari 2021 ikarudi Butembo, Oktoba mwaka huo ikarudi Beni. Tulikaa miaka tukisalimiana kwa kiwiko, tukinawa maji ya klori kwa kila mlango, tukibishana na watu wa riposti waliokuja kupigana na Ebola, tukizika wetu bila kuwagusa. Baada ya hapo, msee akisema anapenda popo, watu wanamtazama vibaya. Nawaelewa.

Lakini sikiza. Wanasayansi wanashuku popo wala matunda kuwa ndio wanakaa na kile kirusi, na kirusi hakirukii mtu kwa kutazamwa. Kinapita kwa damu na majimaji ya mwili, kwa kushika, kwa kuchuna, kwa nyama isiyoiva. Maana yake umbali wa mpiga foto ndio umbali salama. Popo wakikuja jioni kwa mti wa mapera, kaa barazani, wapige dhidi ya anga ambalo bado lina mwanga, utapata mabawa yao yakionyesha kila mfupa wa kidole. Usisimame chini ya mti wanaolala. Tunda lenye alama za meno, usile, usimpe mtoto. Popo ameanguka? Muache, waite wengine wakae mbali, piga simu kwa watu wa afya. Tumbili amekufa shambani? Vilevile, hata kama nyama inaonekana bado freshi. Na ukijua pia kwamba popo hao ndio wanabeba mbegu za mvule kwenda kuota mbali, utaelewa kwa nini kuwachoma moto kwa hasira ya Ebola hakumponyi mtu yeyote na kunaua msitu wa kesho.

Umbali huo ndio unanifanya nikasirike nikiona foto fulani zinazunguka kwa simu za watu. Mtoto wa sokwe amefungwa kamba kiunoni, msee anatabasamu pembeni. Kasuku wa kijivu ndani ya ndoo. Watu wanabonyeza moyo, wanaandika "mzuri". Masta, yule mtoto wa sokwe alikuwa na mama, na mama huyo hakumwachilia kwa hiari. Kasuku wa kijivu biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku na nchi za CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe wa porini, zilipokutana 2016. Kila moyo unaobonyeza unamwambia muuzaji kwamba kuna soko. Usibonyeze. Usisambaze. Kazi ya kurekebisha hayo ni ndefu na inafanyika karibu nasi kuliko wengi wanavyojua: kule Kasugho, Lubero, kituo cha GRACE kinalea gorila mayatima waliookolewa kwa wawindaji na wauzaji, na Oktoba 2024 majike wanne waliolelewa hapo waliachiliwa kwa mlima Tshiaberimu, ndani ya Virunga, wakaungane na gorila wachache waliobaki. Tshiaberimu! Ule mlima wa watu wa Kyondo, kusini-mashariki ya Butembo. Majirani wetu wamerudi nyumbani, na hatukuimba hata wimbo.

Foto zako nazo zisife ndani ya simu. Kuna iNaturalist na kuna eBird, zote za bure: unapandisha picha, unaandika siku na mahali, na kwa iNaturalist watu wanaojua wanakusaidia kupata jina. Kwa Kenya na Uganda ramani hizo zimejaa vitone. Kwa huku kwetu, Grand Nord, kuna mapengo makubwa, si kwa sababu ndege hawapo, ni kwa sababu watafiti hawafiki. Wewe umeshafika, unakaa hapo. Chozi uliyempiga kwa mgomba wa mathe wako Vulamba, yule kinyonga wa Bungulu, hiyo ni data ambayo profesa wa mbali hana njia ya kuipata. Ila kwenye iNaturalist chagua mahali pafichwe, pasionekane kamili, kwa usalama wako na wa mnyama, sababu wawindaji nao wanajua kusoma ramani. Mega zikiwa chache, kusanya picha za wiki, zipandishe mara moja ukipata waifai ya rafiki ama ya chuo.

Wadogo nao wako tayari kuliko tunavyodhani. Kartie yangu kuna kabogi ka vijana wa manati, wanapiga chochote chenye mabawa. Mmoja alikuja akanikuta nimekaa chini ya mgomba.

"Yaya, unaangalia nini?"

"Chozi. Nyamaza, anakuya."

Nikampa simu, nikamwonyesha pale pa kugusa ekrani. Akapiga mkia peke yake. Akapiga jani. Akakasirika, akapiga tena, akampata akiwa kichwa chini na mdomo ndani ya ua. Sasa anakujanga na wenzake, manati wakiziacha kwa geti wenyewe, na wanabishana nani ana macho makali zaidi. Wanajua mnana gani amebomoa kiota. Wanajua kanu anapita saa ngapi.

Kaeni rada kuanzia Oktoba. Mbayuwayu wa Ulaya wanashuka kukaa Afrika hadi kama Aprili, na mtawakuta kwa nyaya za umeme na kamba za nguo, wamejipanga, koo nyekundu, mkia umegawanyika. Ni ngumu kuwapiga wakiruka, wepesi wakipumzika, hasa asubuhi baada ya mvua wakikausha mabawa. Anzeni na wale wa kamba ya nguo. Mwambieni mathe acheleweshe kuanika kidogo.